Kanuni za Kura na Mbinu za Kuchelewesha: Nani Hasa Anatunga Sheria?

Utangulizi

Katika madarasa ya siasa swali moja huulizwa mara kwa mara. Kama demokrasia maana yake ni kufuata matakwa ya walio wengi, imekuwaje katika nchi zenye mabunge ya kuchaguliwa sheria zinazotakiwa na wengi zisipitishwe, au zipitishwe baada ya miaka hamsini au mia moja? Wanafunzi wengine hujibu kwa haraka kwamba wabunge wamenunuliwa na matajiri. Jibu hilo mara nyingine lina ukweli, lakini halitoshi. Linatufanya tutazame tabia za watu na kusahau kutazama chombo chenyewe kinavyofanya kazi.

Wahenga walisema wengi wape. Methali hiyo ni nzuri, lakini haielezi wengi wahesabiwe vipi, wahesabiwe lini, wala nani mwenye mamlaka ya kutamka kwamba mazungumzo yamekwisha na sasa kura zipigwe. Mambo hayo matatu huamuliwa na kanuni za bunge. Kwa hiyo mwenye kuzidhibiti kanuni anaweza kuitawala sheria hata kama yeye na wenzake ni wachache.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jambo hilo linavyotokea. Mfano mkuu ni Seneti ya Marekani. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, nchi ile imejitangaza kwa muda mrefu kuwa mwalimu wa demokrasia, na ni vizuri kumsoma mwalimu katika daftari lake mwenyewe. Pili, kumbukumbu za Seneti zimeandikwa kwa ukamilifu, hata tunaweza kuhesabu kura moja moja na kuona zilifanya nini.

1. Maana ya maneno tunayoyatumia

Kabla ya kwenda mbele hapana budi tuelewane juu ya maneno machache.

(a) Wingi wa kawaida ni kura zaidi ya nusu. Wingi maalumu ni kiwango cha juu zaidi, kama vile theluthi mbili au sehemu tatu kwa tano.

(b) Swali la pili ni: theluthi mbili ya nani? Tuchukue bunge lenye wajumbe 100, na siku ya kura wamehudhuria 80. Theluthi mbili ya waliohudhuria na kupiga kura ni 54. Theluthi mbili ya wajumbe wote ni 67. Tofauti ni kura 13. Katika hesabu ya kwanza asiyefika hahesabiwi popote. Katika hesabu ya pili asiyefika, aliyelala nyumbani na aliye hospitali wote wamepiga kura ya hapana bila ya kufungua mdomo. Kwa hiyo maneno mawili tu, "waliopo" na "wote", yanaweza kuua muswada.

(c) Akidi ni idadi ya wajumbe wanaotakiwa kuwapo ili kikao kiwe halali. Kundi dogo likiweza kuivunja akidi, linaweza kulivunja bunge zima kwa siku hiyo.

(d) Kufunga mjadala ni uamuzi wa kukomesha hotuba ili kura ipigwe. Pasipo na kanuni ya kufunga mjadala, kura haipigwi maadamu yuko mtu mmoja aliyesimama na anasema. Kutumia nafasi hiyo makusudi ndiko Wamarekani wanakokuita filibasta, neno lililotokana na jina la maharamia wa baharini. Sisi tutakuita ukwamishaji.

2. Silaha hii ilianza kutumiwa na nani?

Ingekuwa kosa kudhani kwamba ukwamishaji siku zote ni silaha ya wenye nguvu. Katika Bunge la Uingereza silaha hiyo ilinolewa na wawakilishi wa taifa lililotawaliwa. Ireland wakati huo ilikuwa chini ya Uingereza na ilipeleka wabunge London, lakini walikuwa wachache mno kushinda kura yoyote. Tangu miaka ya 1870 baadhi yao, wakiongozwa na Joseph Biggar na Charles Stewart Parnell, waligundua kwamba wasichoweza kukishinda kwa kura wanaweza kukichelewesha kwa maneno.

Mwaka 1881 serikali ilileta muswada wa kuruhusu watu wa Ireland kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Wabunge wa Ireland walizungumza kwa zamu tangu tarehe 31 Januari hadi asubuhi ya tarehe 2 Februari, kikao kimoja cha saa 41. Hatimaye Spika, Henry Brand, alisimama na kuufunga mjadala kwa mamlaka yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwa limeandikwa katika kanuni yoyote. Siku iliyofuata wabunge 36 wa Ireland walisimamishwa. Mwaka 1882 kanuni ya kufunga mjadala iliandikwa rasmi, na mwaka 1887 ikaongezwa nyingine ya kuupangia muswada saa ya mwisho, saa ikifika kura inapigwa hata kama vifungu havijajadiliwa. Tukio lilipita, Ireland ya kusini ikaja kuwa nchi huru, lakini kanuni zilizotungwa ili kuwanyamazisha watu wake zilibaki na kutumika kwa kila muswada mwingine.

Baraza la Wawakilishi la Marekani nalo lilipita njia hiyo hiyo. Huko mbinu ilikuwa akidi. Mjumbe alikaa kitini mwake, jina lake likiitwa hakuitikia, na kwa desturi aliandikwa kuwa hayupo. Tarehe 29 Januari 1890 Spika Thomas Reed aliwaamuru makarani wawaandike wote waliokuwa wanaonekana kwa macho kuwa wapo. Ukumbi ulijaa kelele. Mjumbe mmoja alimwambia Spika hana haki ya kumhesabu kuwa yupo, naye Spika akamuuliza kama anakana kwamba yupo. Tangu hapo mbinu ile ilikufa, na walio wengi katika Baraza hilo wakaweza kupitisha wanachokitaka.

Mwezi Julai mwaka ule ule Baraza hilo lilipitisha kwa kura 155 dhidi ya 149 muswada wa kulinda haki ya Wamarekani Weusi kupiga kura katika majimbo ya Kusini. Muswada ukaenda Seneti. Huko ukakwamishwa kwa hotuba mfululizo, na Januari 1891 ukawekwa kando. Mlango uliokuwa umefungwa katika chumba kimoja ulikuwa bado uko wazi katika chumba cha pili.

3. Mlango wa Seneti uliachwaje wazi?

Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 inataja wazi mambo yanayohitaji theluthi mbili: kuthibitisha mikataba, kumtia hatiani kiongozi aliyeshtakiwa, kumfukuza mjumbe, kuipitisha sheria iliyokataliwa na Rais na kupendekeza mabadiliko ya Katiba. Muswada wa kawaida haumo katika orodha hiyo. Kura zikilingana, Makamu wa Rais hupiga kura ya uamuzi. Waandishi wa Katiba wasingehitaji kifungu hicho kama walikusudia miswada yote ipite kwa wingi maalumu.

Ukwamishaji uliingia kwa njia ya ukimya. Mwaka 1806 Seneti ilipokuwa inapanga upya kanuni zake ilikiondoa kifungu kilichoweza kutumiwa kukata mjadala, kwa sababu kilikuwa hakitumiki sana. Aliyeshauri hivyo ni Makamu wa Rais Aaron Burr, mwaka mmoja kabla. Hakuna aliyetangaza kwamba sasa wachache wamepewa uwezo wa kuzuia sheria. Ilipita miaka mingi kabla ya watu kugundua kwamba mlango uko wazi, na walipougundua wakaanza kudai kwamba ndiyo mila takatifu ya wazee.

Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kundi dogo la maseneta lilizungumza mpaka muda wa Bunge ukaisha, wakakwamisha muswada wa kuzipa silaha meli za biashara. Rais Woodrow Wilson aliwashutumu mbele ya taifa. Tarehe 8 Machi Seneti ikapitisha kwa kura 76 dhidi ya 3 kanuni ya kwanza ya kufunga mjadala: theluthi mbili ya waliopo na kupiga kura.

Wengi waliiona kanuni hiyo kuwa ushindi dhidi ya ukwamishaji. Tukiichambua tunaona ilikuwa na sura mbili. Ni kweli iliweka njia ya kumnyamazisha msemaji. Lakini kwa kuandika kiwango hicho, Seneti ilikubali rasmi kwamba theluthi moja na mmoja wanaweza kuwazuia wenzao wote. Kilichokuwa upenyo kikawa haki.

4. Gharama ya kungoja

Ili tuone gharama ya haki hiyo lazima tuangalie nani aliitumia. Baada ya mwaka 1890 majimbo ya Kusini yaliwanyang'anya Weusi kura kwa vitisho, kwa mitihani ya kusoma na kuandika, na kwa kodi ya kichwa iliyotakiwa kulipwa kabla ya kupiga kura, kodi iliyowafungia nje pia Wazungu wengi maskini. Maseneta wa majimbo hayo walichaguliwa na watu wachache, hawakuwa na mpinzani wa maana, wakakaa Seneti miaka mingi. Kwa kuwa uenyekiti wa kamati ulitolewa kwa kufuata ukongwe, wao ndio walioshika kamati kubwa. Hivyo dhuluma ya nyumbani ilizaa nguvu bungeni, na nguvu ya bungeni ikailinda dhuluma ya nyumbani.

Chuo cha Tuskegee kiliweka kumbukumbu za watu waliouawa na makundi bila ya hukumu ya mahakama. Kati ya mwaka 1882 na 1968 kilihesabu watu 4,743, na kati yao 3,446 walikuwa Weusi. Mwaka 1922 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuyafanya mauaji hayo kuwa kosa chini ya sheria ya taifa. Ukakwama Seneti. Ukaletwa mwingine mwaka 1935, ukakwama. Ukaletwa mwingine, nao mwaka 1938 ukazungumzwa kwa wiki kadhaa mpaka waliouleta wakauondoa ili shughuli nyingine ziendelee. Katika miaka ya 1940 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mara tano miswada ya kuifuta kodi ya kupigia kura, na mara zote Seneti haikuipitisha. Mwaka 1949 kanuni ilibadilishwa kuwa theluthi mbili ya maseneta wote badala ya waliopo, na ikakaa hivyo kwa miaka kumi. Msomaji akumbuke hesabu ya kura 13 tuliyoifanya pale juu.

Sheria ya taifa dhidi ya mauaji yale ilitiwa saini tarehe 29 Machi 2022, miaka mia moja baada ya muswada wa mwaka 1922. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa iliumiza zaidi ya matumbo.

5. Mwaka 1964: ukwamishaji ulivyoshindwa

Tangu kanuni ya mwaka 1917 itungwe, Seneti haikuwa imefanikiwa hata mara moja kuufunga mjadala juu ya muswada wa haki za raia. Mara ya kwanza ilikuwa 1964. Inafaa kada aisome kazi hiyo hatua kwa hatua, maana ushindi haukuja kwa hotuba nzuri.

Muswada ulikataza ubaguzi wa rangi katika hoteli, mikahawa, shule, kazi na matumizi ya fedha za umma. Baraza la Wawakilishi liliupitisha tarehe 10 Februari kwa kura 290 dhidi ya 130. Katika Seneti kikwazo cha kwanza kilikuwa kamati ya sheria, ambayo mwenyekiti wake, James Eastland wa Mississippi, alikuwa ameigeuza kuwa makaburi ya miswada ya aina hiyo. Kiongozi wa walio wengi, Mike Mansfield, aliupitisha muswada kando ya kamati na kuuweka moja kwa moja katika orodha ya shughuli za Seneti nzima. Uamuzi huo ulipata kura 54 dhidi ya 37.

Kikwazo cha pili kilikuwa chama chenyewe. Chama cha Democratic kilikuwa na maseneta 67 kati ya 100, yaani idadi ile ile iliyotakiwa kufunga mjadala kama maseneta wote wangepiga kura. Ukiangalia majina ya vyama tu utasema kazi imekwisha. Lakini wakwamishaji walikuwa ndani ya chama hicho hicho. Kundi la Kusini, chini ya Richard Russell wa Georgia, lilikuwa na maseneta 18 wa Democratic na mmoja wa Republican. Lilijigawa zamu tatu: wachache wakiwa ukumbini, wengine wanapumzika.

Mbinu zao zilikuwa nyepesi kwao na nzito kwa wenzao. Mkwamishaji alihitaji watu wawili au watatu ukumbini. Akishuku kwamba wapinzani wake wamekwenda kulala, alidai akidi ihesabiwe, na kazi ya kutafuta maseneta 51 usiku ikawaangukia wanaotaka muswada. Kanuni ilimruhusu seneta kusema mara mbili tu juu ya jambo moja katika siku moja ya kibunge. Lakini siku ya kibunge haimaliziki kwa jua kuzama. Humalizika Seneti inapoahirisha kikao rasmi. Akidi ikikosekana na kikao kikaahirishwa, siku mpya ilianza na kila mkwamishaji alipata nafasi zake mbili upya.

Wasimamizi wa muswada, Hubert Humphrey wa Democratic na Thomas Kuchel wa Republican, walijibu kwa mpangilio. Waliandaa orodha za zamu ili akidi isikosekane. Waligawana sura za muswada ili kila sura iwe na seneta anayeijua vizuri. Walitoa taarifa ya kila siku kwa wenzao. Nje ya ukumbi, vyama vya Weusi, vyama vya wafanyakazi na makanisa vilifanya kazi ya kuwashawishi maseneta wa majimbo ya katikati ya nchi, ambako Weusi walikuwa wachache na maseneta hawakuwa na hofu ya kura zao. Bila ya maandamano ya Birmingham na ya Washington ya mwaka 1963, zamu za ukumbini zisingepata kura za kutosha.

Hata hivyo kura za Republican zililazimika kupatikana, na ufunguo wake ulikuwa mikononi mwa kiongozi wao, Everett Dirksen. Bei yake ilikuwa masahihisho. Miongoni mwa yaliyotoka katika maafikiano hayo ni kwamba tume mpya ya usawa katika kazi haikupewa uwezo wa kumfikisha mwajiri mahakamani yenyewe. Uwezo huo iliupata mwaka 1972. Hapa pana fundisho kubwa. Kanuni ya kura haiamui tu kama sheria itapita au haitapita. Huamua pia sheria itakuwa na meno mangapi, kwa sababu mwenye kura ya mwisho inayohitajika ndiye anayeng'oa meno.

Tarehe 10 Juni, baada ya Seneta Robert Byrd wa West Virginia kumaliza hotuba ya zaidi ya saa 14, kura ya kufunga mjadala ilipigwa. Seneta Clair Engle wa California, mgonjwa mahututi asiyeweza kusema, aliletwa kwa kiti cha magurudumu akaonyesha jicho lake kwa kidole kuashiria kura ya ndiyo, maana katika Kiingereza maneno hayo mawili hutamkwa sawasawa. Matokeo yalikuwa 71 dhidi ya 29: Democratic 44 na Republican 27 wakitaka kufunga, Democratic 23 na Republican 6 wakikataa. Muswada ulipita tarehe 19 Juni kwa kura 73 dhidi ya 27, na Rais Lyndon Johnson akautia saini tarehe 2 Julai.

6. Kukwamisha bila ya kusema

Baada ya hapo mtu angetazamia ukwamishaji ufe. Kinyume chake ulienea. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 viongozi wa Seneti walianzisha utaratibu wa kuendesha shughuli kwa njia mbili: muswada uliokwama unawekwa upande mmoja, na shughuli nyingine zinaendelea. Nia ilikuwa kuiokoa Seneti isisimame. Matokeo yake ni kwamba mkwamishaji hakuhitaji tena kukesha. Ilimtosha kutoa taarifa kwamba anapinga. Machi 1975 kiwango cha kufunga mjadala kilishushwa kuwa sehemu tatu kwa tano ya maseneta wote, yaani 60. Tangu hapo maseneta 41 wamekuwa na uwezo wa kuzuia karibu muswada wowote wa kawaida.

Watu wengi wanapozungumzia ukwamishaji hukumbuka hotuba ndefu. Strom Thurmond alisema kwa saa 24 na dakika 18 mwaka 1957, na Cory Booker akaipita rekodi hiyo kwa saa 25 na dakika 5 mwaka 2025. Lakini hotuba ya Thurmond haikuzuia sheria ya mwaka 1957, na ya Booker ilikuwa ya malalamiko tu, haikukusudiwa kuzuia muswada wowote. Msomaji asivutwe na miguu ya msemaji. Nguvu iko katika hesabu ya 60, na hesabu hiyo haina jasho.

Maji yakizibwa hutafuta upenyo, na ndivyo ilivyokuwa. Sheria ya bajeti ya mwaka 1974 iliweka utaratibu maalumu wa miswada ya mapato na matumizi: mjadala wa saa 20 tu, na kura za wingi wa kawaida. Tangu mwaka 1980 serikali za vyama vyote viwili zimekuwa zikisukumia humo sheria zao kubwa. Mwaka 1985 Seneta Byrd, yule yule wa hotuba ya mwaka 1964, alianzisha kanuni ya kuondoa humo mambo yasiyo ya bajeti hasa. Matokeo yalionekana mwaka 2021. Pendekezo la kupandisha kima cha chini cha mshahara hadi dola 15 kwa saa liliamuliwa na mshauri wa kanuni wa Seneti kwamba haliruhusiwi katika njia hiyo. Mfanyakazi wa kima cha chini cha taifa, ambacho ni dola 7.25 tangu mwaka 2009, alikwamishwa na swali la kama mshahara wake ni jambo la bajeti au siyo.

Tazama pia kilichotokea katika uteuzi wa viongozi. Kanuni inasema kuzibadili kanuni zenyewe kunahitaji mjadala kufungwa kwa theluthi mbili. Lakini tarehe 21 Novemba 2013 walio wengi, kwa kura 52 dhidi ya 48, walibatilisha tafsiri ya kiti na kutamka kwamba uteuzi wote, isipokuwa wa Mahakama Kuu ya nchi, utafungiwa mjadala kwa wingi wa kawaida. Aprili 2017 chama kingine kikiwa na wingi kiliongeza na Mahakama hiyo. Januari 2022 jaribio la kulegeza kanuni kwa ajili ya muswada wa haki ya kupiga kura lilishindwa kwa kura 48 dhidi ya 52. Kwa hiyo kanuni inayosemekana kuwa mwamba iliondolewa kwa majaji ikabaki kwa wapiga kura. Kumbe inadumu pale ambapo walio wengi wenyewe wanapenda idumu.

7. Hoja za pande mbili

Watetezi wa ukwamishaji husema haraka haraka haina baraka. Wanasema sheria ya kura 51 leo itafutwa na kura 51 kesho, na kwamba kiwango cha juu huwalazimisha watu kukubaliana. Wanasema pia kwamba wachache wana haki ya kusikilizwa. Hoja hizi si za kubezwa. Wabunge wa Ireland mwaka 1881 walikuwa wachache waliodhulumiwa, na kuchelewesha ndiyo silaha pekee waliyokuwa nayo.

Hata hivyo lazima tutenganishe haki ya kusikilizwa na haki ya kuzuia. Ya kwanza ina mwisho: mtu anasema, anasikilizwa, kura inapigwa. Ya pili haina mwisho. Kisha tuulize: wakati mjadala unaendelea, hali ya nani inaendelea? Anayetaka mabadiliko lazima apite kamati, akidi, mjadala na kura. Anayefaidika na hali iliyopo anahitaji kushinda mahali pamoja tu. Kwa hiyo muda si mwamuzi asiye na upande. Tena tuulize ni wachache wa nini. Kila jimbo la Marekani lina maseneta wawili, Wyoming yenye watu wasiofika 600,000 sawa na California yenye karibu milioni 39. Maseneta 41 wanaweza kuwakilisha sehemu ndogo sana ya wananchi.

8. Wingi maalumu katika Katiba yetu

Haitakuwa sahihi kuhitimisha kwamba kila wingi maalumu ni hila. Ibara ya 98 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inataka theluthi mbili ya Wabunge wote ili kuibadili Katiba, na kwa mambo yaliyoorodheshwa yanayohusu msingi wa Muungano inataka theluthi mbili ya Wabunge wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya Wabunge wa Zanzibar, kila upande peke yake. Bila ya hesabu hiyo ya pande mbili, Wabunge wa Zanzibar kwa uchache wao wangemezwa katika jambo ambalo wao ni mshirika aliyeliunda mwaka 1964. Tofauti na Seneti ni dhahiri. Hapa kinga imeandikwa wazi, imetajiwa mambo yake, na haikusambaa kimyakimya mpaka ikafunika kila sheria ya kawaida.

Hitimisho

Tumeona kwamba sheria huamuliwa katika hatua nyingi kabla ya siku ya kura. Mwenye kutaka kujua muswada utafika wapi asianze na hotuba za kuuunga mkono. Aanze na kanuni: nani anaupanga katika orodha, nani anaweza kuuzuia katika kamati, akidi ni wangapi, mjadala unafungwaje, na kura zinahesabiwa kati ya waliopo au kati ya wote. Kisha awahesabu watu mmoja mmoja kama Humphrey alivyofanya, bila ya kudanganywa na majina ya vyama. Mwisho ajiulize ni kazi gani ya nje ya ukumbi itakayoleta kura zinazopungua. Wananchi waliokuwa wanauawa Kusini hawakukosa hoja, wala hawakukosa wengi waliowaunga mkono katika Baraza la Wawakilishi. Walikosa namna ya kuufikisha muswada wao mahali pa kuhesabiwa kura.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti kati ya theluthi mbili ya wajumbe waliopo na theluthi mbili ya wajumbe wote. Je, katika vikao vya chama, ushirika au kijiji chako hutumika ipi, na imeandikwa wapi?

2. Wabunge wa Ireland mwaka 1881 na maseneta wa Kusini mwaka 1938 walitumia mbinu moja. Je, tunaweza kuwahukumu kwa kipimo kimoja? Toa sababu.

3. Masahihisho ya mwaka 1964 yaliipunguza nguvu tume ya usawa katika kazi. Je, wasimamizi wa muswada walifanya sawa kuyakubali, au wangengoja?

4. Ni mambo gani katika nchi yanastahili kulindwa kwa wingi maalumu, na yapi yaachwe kwa wingi wa kawaida?